David Villa: Mabao Nyuma ya Pasi za Hispania

David Villa Sánchez ndiye aliyeifungia timu ya taifa ya Hispania mabao mengi kuliko mchezaji mwingine yeyote. Alifunga 59 katika mechi 98. Anayemfuata, Raúl González, aliishia mabao 44 ingawa alicheza mechi 102. Villa alikuwa mfungaji bora wa mashindano ya mataifa ya Ulaya, Euro, mwaka 2008, na miaka miwili baadaye akafunga mabao matano Afrika Kusini, Hispania ilipotwaa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, kikitajwa kikosi kile kilichotamba duniani kuanzia 2008 hadi 2012, wengi huanza na Xavi, Iniesta na Casillas, na jina la Villa huja baadaye kidogo. Kikosi hicho kilishinda fainali tatu mfululizo, na Villa hakuimaliza hata moja akiwa uwanjani. Ya kwanza alikuwa majeruhi, ya pili alitolewa kabla ya bao la ushindi, ya tatu alikuwa bado anauguza mguu uliovunjika. Mabao yake aliyafunga mapema, katika mechi ambazo bila kuzishinda fainali hizo zisingefikiwa.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1981 huko Tuilla, kijiji cha wachimba makaa ya mawe karibu na mji wa Langreo, katika jimbo la Asturias kaskazini mwa Hispania. Asturias ni sehemu ya milima, mvua na migodi. Kwa vizazi kadhaa mabonde yake yalitoa makaa ya mawe yaliyowasha matanuri ya viwanda vya chuma, na baba yake Villa, kama wanaume wengi wa bonde hilo, alikuwa mchimbaji. Kijana huyo alikua wakati migodi inafungwa mmoja baada ya mwingine na vijana wanahama kutafuta kazi. Kwa lahaja ya huko mtoto wa kiume huitwa guaje. Kwa kuwa alikuwa mfupi na alizoea kucheza na waliomzidi umri, akaitwa El Guaje, na jina hilo likamganda mpaka anastaafu akiwa na miaka 38.

Akiwa na umri wa miaka minne alivunjika mfupa wa paja la kulia. Mguu ulipokuwa kwenye plasta, baba yake hakumwacha akae bure: alisimama mbele yake akimtupia mpira, mara kwa mara, ili aupige kwa mguu wa kushoto. Mfupa ukaunga, mguu wa kulia ukarudia nguvu zake, lakini ule wa kushoto ulikuwa umekwishajifunza kazi. Makocha wengi huhangaika na wachezaji watu wazima kuwafundisha kutumia miguu yote miwili na wasifanikiwe sana, kwa sababu mazoea ya utotoni hayaondoki kirahisi. Villa aliyapata mazoea hayo kwa bahati mbaya iliyogeuka kuwa mtaji. Beki hufundishwa kumsukumia mshambuliaji upande wa mguu wake dhaifu. Kwa Villa, upande huo haukuwepo.

Njia yake ya kuingia kwenye soka la kulipwa haikuwa nyoofu. Klabu ya Real Oviedo, mojawapo ya klabu mbili kubwa za Asturias, ilimkataa kwa sababu ya ufupi wake. Hata alipokomaa hakuzidi sentimeta 175, kimo ambacho kwa straika wa enzi ile kilionekana pungufu, hasa katika nchi ambayo bado ilipenda washambuliaji wa kupiga vichwa. Alichezea timu za vijana za Langreo, kisha akachukuliwa na mahasimu wa Oviedo, Sporting Gijón, ambao kituo chao cha kulelea vipaji cha Mareo kimetoa wachezaji wengi wa taifa, akiwamo Luis Enrique. Sporting walikuwa Daraja la Pili na wakiandamwa na madeni. Villa aliwachezea misimu miwili kamili ya kikosi cha kwanza, akawa anafunga kila wikendi, na mwaka 2003 klabu ikalazimika kumuuza ili ijinusuru.

Waliomnunua ni Real Zaragoza, waliokuwa wamepanda Daraja la Kwanza msimu huohuo. Gharama ilikuwa takriban euro milioni 3, fedha ndogo hata kwa wakati ule. Msimu wake wa kwanza alifunga mabao 17 ya ligi, lakini kilichomtangaza ni mechi moja ya tarehe 17 Machi 2004 jijini Barcelona: fainali ya Kombe la Mfalme dhidi ya Real Madrid. Madrid walikuwa na Zidane, Figo, Beckham, Raúl na Roberto Carlos, na wakati huo walikuwa wakiongoza ligi. Beckham aliwapa bao la mpira wa adhabu. Zaragoza wakasawazisha, kisha Villa, kijana wa miaka 22, akaweka mpira kwenye alama ya penalti mbele ya kipa César Sánchez na kufunga la pili. Roberto Carlos alisawazisha, lakini katika muda wa nyongeza Luciano Galletti akafunga kwa shuti la mbali, 3-2. Madrid waliondoka bila kombe na hawakupata hata moja kubwa msimu huo. Villa akaondoka na medali yake ya kwanza.

Februari 2005 kocha Luis Aragonés alimwita timu ya taifa kwa mechi dhidi ya San Marino. Miezi michache baadaye Valencia wakamnunua kwa euro milioni 12.

Miaka mitano ya Valencia ndiyo moyo wa maisha yake ya klabu, ingawa makombe yalikuwa haba. Msimu wa 2005-06 alifunga mabao 25 ya ligi, moja tu pungufu ya Samuel Eto'o wa Barcelona. Aprili 2006, ugenini kwa Athletic Bilbao, alifunga matatu ndani ya dakika zipatazo tano za mwishomwisho. Msimu uleule, kwenye uwanja wa Deportivo La Coruña, alimwona kipa amesogea mbele akaupiga mpira kutoka karibu na mstari wa katikati ukatua wavuni. Hakuwa mchezaji wa mbwembwe. Alichokuwa nacho ni haraka ya uamuzi: alipiga kabla kipa hajapanga miguu, na mara nyingi kabla beki hajatambua kwamba mpira ule unapigika. Alipenda kuanzia upande wa kushoto, akikaa begani mwa beki wa mwisho kwenye mpaka wa kuotea, kisha akakata kwenda ndani mpira unapotoka mguuni mwa kiungo. Mbio zake zilikuwa fupi, za mita kumi au kumi na tano, na hizo zilimtosha.

Kwa ujumla alifunga mabao 129 katika mechi 225 za Valencia, na msimu wa 2008-09 alifikisha 28 kwenye ligi. Kombe pekee alilotwaa na klabu hiyo ni la Mfalme, mwaka 2008, kwa kuifunga Getafe 3-1. Msimu huo Valencia walikuwa wamechafukiwa hasa: makocha walibadilishwa, wachezaji wakongwe waliwekwa kando, na timu iliponea chupuchupu kushuka daraja. Zaidi ya hayo, klabu ilikuwa imeanza kujenga uwanja mpya ambao ujenzi wake ulisimama mwaka 2009 kwa kukosa fedha, na madeni yakawa yanaimeza. Ilikuwa wazi kwamba nyota wangeuzwa. Villa aliondoka 2010, David Silva mwaka huohuo, Juan Mata mwaka uliofuata.

Wakati huo timu ya taifa ilikuwa inabadilika, na mabadiliko hayo yalipitia kwenye nafasi yake. Septemba 2006 Hispania ilifungwa 3-2 na Ireland ya Kaskazini mjini Belfast. Baada ya mechi hiyo Aragonés hakumwita tena Raúl, nahodha na kipenzi cha jiji la Madrid. Uamuzi huo ulizua kelele nyingi magazetini kwa karibu miaka miwili, na kila Hispania ilipoyumba jina la Raúl lilirudishwa mezani. Kocha hakutikisika. Alitaka timu ya viungo wafupi wanaopokezana mpira bila kuupoteza, na mbele yao washambuliaji wanaokimbia nyuma ya mabeki badala ya kusubiri krosi. Euro 2008 ilipofika Austria na Uswisi, jezi namba 7 iliyokuwa ya Raúl ilivaliwa na Villa.

Mechi ya kwanza, Innsbruck, aliifunga Urusi mabao matatu peke yake, Hispania ikashinda 4-1. Ya pili, dhidi ya Sweden, ilikuwa inakwenda sare ya 1-1 hadi dakika za majeruhi, ndipo Villa alipoukimbilia mpira mrefu, akampita beki na kumtungua kipa. Kwa mabao manne akamaliza akiwa mfungaji bora. Lakini katika nusu fainali, tena dhidi ya Urusi, aliumia paja kipindi cha kwanza na kutolewa nje. Fainali jijini Vienna aliitazama akiwa nje ya uwanja, Fernando Torres akifunga bao pekee dhidi ya Ujerumani. Ndilo bao linalooneshwa hadi leo katika kila kumbukumbu ya michuano ile.

Afrika Kusini mwaka 2010 Hispania ilianza vibaya kwa kufungwa 1-0 na Uswisi huko Durban, bingwa wa Ulaya akaonekana kama anarudi nyumbani mapema. Torres alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti na hakuwa yeye. Kocha mpya, Vicente del Bosque, alimpanga Villa upande wa kushoto, na kuanzia hapo mzigo wa kufunga ukawa wake karibu peke yake.

Dhidi ya Honduras alifunga mawili, kisha akakosa penalti. Penalti ile ilikuja kumgharimu, kwa maana alimaliza mashindano na mabao matano sawa na Thomas Müller, Wesley Sneijder na Diego Forlán, na Kiatu cha Dhahabu kikaenda kwa Müller aliyekuwa na pasi za mabao nyingi zaidi. Dhidi ya Chile, huko Pretoria, kipa Claudio Bravo alitoka nje ya eneo lake kumwahi Torres na kuuondosha mpira. Ukamfikia Villa aliyekuwa mbali pembeni kushoto. Hakuutuliza. Aliupiga palepale kwa kushoto ukaingia kwenye lango lisilo na mtu.

Mechi ya Ureno, katika hatua ya mtoano jijini Cape Town, ndiyo inayoonesha vizuri zaidi alivyokuwa. Ureno walikuwa hawajaruhusu bao hata moja katika mashindano hayo. Dakika ya 63 Iniesta alimpa Xavi mpira ukingoni mwa eneo la hatari, Xavi akauzungusha kwa kisigino bila kugeuka, Villa akawa ameshaingia mgongoni mwa mabeki. Alipiga kwa kushoto, kipa Eduardo akaupangua. Mpira ulimrudia, naye akauinua kwa kulia juu ya kipa aliyekuwa chini. Mapigo mawili kwa miguu miwili, na kati yake hapakuwa na nafasi ya kuuhamisha mpira kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Mshambuliaji wa mguu mmoja angelazimika kugusa mara moja zaidi, na beki angemfikia.

Robo fainali dhidi ya Paraguay ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa kuwa kila upande ulikosa penalti katika muda wa dakika chache. Zilipobaki dakika saba, shuti la Pedro liligonga nguzo, mpira ukamfuata Villa. Lake likagonga nguzo moja, likavuka mstari wote wa goli, likagonga ya pili, ndipo likaingia. Hispania ikashinda 1-0.

Kufikia hapo Hispania ilikuwa imefunga mabao sita, matano yakiwa ya Villa, na lile la sita, la Iniesta dhidi ya Chile, lilitokana na pasi yake. Baada ya hapo hakufunga tena. Kichwa cha Carles Puyol kiliiondoa Ujerumani, na katika fainali ya Johannesburg dhidi ya Uholanzi Villa alitolewa dakika ya 106, dakika kumi kabla ya Iniesta kufunga bao lililomfanya shujaa wa taifa. Jumla ya mabao ya bingwa wa dunia katika mechi saba ilikuwa nane, idadi ndogo kwa timu iliyosifiwa kwa ufundi kiasi kile. Ndiyo gharama ya mtindo wake: wapinzani walijaza watu langoni, pasi mia zikapigwa nje ya ukuta huo, na mwisho wa yote akahitajika mtu wa kufunga kwa nafasi moja. Ni vigumu kuona nani mwingine angeifanya kazi hiyo mwaka ule.

Kabla hata mashindano hayajaanza, Barcelona walikuwa wamekwishamsajili kwa euro milioni 40. Kwa kocha Pep Guardiola, Lionel Messi alikuwa akicheza katikati huku akirudi nyuma kuchukua mpira. Villa aliwekwa kushoto na Pedro kulia, na kazi yao ilikuwa kukimbilia pengo ambalo Messi ameliacha. Kwa mtu aliyezoea kuwa mfungaji namba moja ilikuwa kazi ya kujinyima, na kuna vipindi virefu ambavyo hakufunga. Hata hivyo, tarehe 29 Novemba 2010 alifunga mawili ndani ya dakika tatu Barcelona ilipoichapa Real Madrid 5-0. Tarehe 28 Mei 2011, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa uwanjani Wembley, alifunga la tatu dhidi ya Manchester United kwa kuukunja mpira kutoka nje ya eneo la hatari hadi pembe ya juu. Hii ndiyo fainali kubwa ambayo aliacha alama yake mwenyewe. Kati ya mechi hizo mbili, Machi 2011, aliifunga Jamhuri ya Cheki mara mbili mjini Granada na kumpita Raúl katika orodha ya wafungaji wa taifa.

Tarehe 15 Desemba 2011, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu huko Yokohama dhidi ya Al Sadd ya Qatar, alitua vibaya na kuvunjika mfupa wa muundi wa mguu wa kushoto. Alikaa nje miezi minane. Euro 2012 ikampita. Del Bosque hakupata wa kuziba pengo lake kwa uhakika, na katika mechi kadhaa, ikiwemo fainali, alimsimamisha kiungo Cesc Fàbregas mahali pa mshambuliaji. Hispania ilitwaa kombe kwa kuifunga Italia 4-0. Villa alirejea Agosti na kufunga katika mechi yake ya kwanza, lakini kasi ya zile mita za mwanzo haikurudi yote, na nafasi yake kikosini ilikuwa inapungua. Baada ya mabao 48 katika mechi 119, Barcelona wakamwachia mwaka 2013 kwa Atlético Madrid kwa fedha isiyozidi sana euro milioni 5.

Wengi waliona bei hiyo kuwa ya mchezaji anayejiendea kustaafu. Kocha Diego Simeone alimtumia kama mwenza wa Diego Costa: mtu wa kukaba, kufungua nafasi, na kufunga inapobidi. Alifunga mabao 13 ya ligi, na Mei 2014 Atlético wakatwaa ubingwa kwa sare ya 1-1 palepale Camp Nou, wakivunja utawala wa Madrid na Barcelona uliodumu miaka kumi. Wiki moja baadaye walikuwa Lisbon, wakiongoza fainali ya Ligi ya Mabingwa 1-0 hadi dakika ya 93. Sergio Ramos alisawazisha kwa kichwa, na katika muda wa nyongeza Real Madrid wakamaliza kazi, 4-1.

Kombe la Dunia la Brazil mwaka huo lilikuwa aibu kwa bingwa mtetezi, aliyetolewa baada ya mechi mbili tu. Villa alianzishwa katika ya tatu, isiyo na maana tena, dhidi ya Australia mjini Curitiba. Akafunga kwa kisigino, bao lake la 59 la taifa na la tisa katika Kombe la Dunia. Kipindi cha pili alipotolewa, aliibusu nembo ya jezi na kukaa benchi akilia. Pengine angeweza kubakishwa uwanjani.

Alikuwa amekwishasaini New York City, klabu mpya ya Marekani iliyomchukua kuwa mchezaji wake wa kwanza kabla haijacheza mechi yoyote. Msimu wake wa kwanza wa ligi ulikuwa bado haujaanza, hivyo akapelekwa kwa mkopo Melbourne City ya Australia, akacheza mechi nne na kufunga mawili. Huko New York timu ilitumia uwanja wa besiboli, Yankee Stadium, wenye nafasi finyu ya kuchorea uwanja wa soka. Frank Lampard na Andrea Pirlo walisajiliwa pia, nao walionekana kuchoka. Villa hakuchoka. Akiwa nahodha alifunga mabao 18, 23, 22 na 14 katika misimu minne ya ligi, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Kwa ubora huo, Septemba 2017 kocha Julen Lopetegui alimrudisha timu ya taifa akiwa na miaka 35. Aliingia dakika za mwisho dhidi ya Italia katika uwanja wa Bernabéu, matokeo yakiwa 3-0, na mashabiki wakamshangilia. Hiyo ikawa mechi yake ya 98.

Mwaka 2019 alikwenda Vissel Kobe ya Japani, alikokutana tena na Iniesta, na akafunga mabao 13 katika ligi. Novemba alitangaza kwamba msimu huo ungekuwa wa mwisho. Vissel Kobe hawakuwa wamewahi kutwaa kombe lolote kubwa, lakini walifika fainali ya Kombe la Mfalme wa Japani, iliyochezwa tarehe 1 Januari 2020 kwenye Uwanja mpya wa Taifa jijini Tokyo. Waliwafunga Kashima Antlers 2-0. Villa alianzia benchi na kuingizwa mwishoni, kwa hiyo fainali yake ya mwisho aliimaliza akiwa uwanjani.